Usiwe Waja Leo Waondoka Leo: Mwongozo Kamili wa Kuingia na Kudumu Katika Kikundi cha Wanaoacha Uraibu, Tanga

Swali hili naletewa mara kwa mara, maneno tu ndiyo yanabadilika: "Kaka, nilienda mkutano wa NA, sikuona kitu." Namuuliza, ulienda mara ngapi? Mara moja. Ulikaa wapi? Karibu na mlango. Uliongea na nani? Kimya. Uliondoka saa ngapi? Wenzake walipoanza kusimama ili wafunge, yeye alishapanda baiskeli yake, yuko Barabara ya Kumi na Nne anaelekea nyumbani.

Huyo hakuhudhuria mkutano. Alipita tu. Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, na kwa mgeni wa mjini ni utani mzuri. Kwa mtu anayeacha unga (heroini) au pombe ndio ugonjwa wenyewe.

Mkutano ni saa moja au moja na nusu. Kinachomshika mtu asirudi maskani, kule alikokuwa akitumia, hutokea robo saa kabla haujaanza na nusu saa baada ya kufungwa, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye sehemu hizo, nyingine nitazipita haraka. NA (Narcotics Anonymous) ni ushirika wa waraibu wa dawa za kulevya, AA (Alcoholics Anonymous) ni wa pombe. Hatua za hapa chini zinafaa kote kuwili.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari dogo na kalamu. Simu huibwa, au wewe mwenyewe huiuza siku mbaya. Namba zikiwa kwenye daftari zinabaki.
- Simu yoyote, hata kitochi, yenye salio la kupiga simu tatu.
- Nauli ya kwenda na kurudi kwa mikutano minne. Itenge yote mapema, mpe mtu wa nyumbani akutunzie. Ukitenga ya mkutano mmoja, utaenda mmoja.
- Mtu mmoja nyumbani anayejua unakokwenda. Mama, mke, dada, yeyote asiyekuwa na mdomo mwepesi.
- Sarafu ya kapu, ukiwa nayo. Kujiunga hakuna ada wala kiingilio. Kikundi hujitegemea kwa michango ya wanachama, na mgeni asiye na kitu hulipitisha kapu kwa mwenzake bila kuulizwa.

Usibebe kitambulisho kwa kudhani utaandikishwa. Hakuna daftari la mahudhurio, na sharti la uanachama ni moja tu: uwe na nia ya kuacha.

## Hatua ya 1: Hakikisha mwili wako hauko hatarini

Kikundi si hospitali. Watu wake ni wazuri wa kusikiliza, lakini hawana dripu.

Kama unakunywa pombe kila siku, tena nyingi, iwe gongo, mnazi au bia, usiache ghafla peke yako chumbani. Mwili uliozoea pombe ukiikosa unaweza kupata degedege kati ya saa 6 na saa 48 baada ya tungi la mwisho, na kati ya siku ya 2 na ya 4 mtu anaweza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo na kutetemeka hadi kupoteza maisha. Nenda hospitali kwanza, Bombo au kituo kilicho karibu nawe, useme ukweli wa kiasi unachokunywa. Usione haya kutaja idadi. Daktari anapanga dawa kufuatana na idadi hiyo.

Kama ni unga, arosto, yaani mateso ya mwili unapoukosa, huanza ndani ya siku ya kwanza, hufika kileleni siku ya 2 au ya 3, na kwa wengi hulegea ndani ya wiki. Inatesa, lakini kwa mtu mwenye afya ya kawaida mara chache huua yenyewe. Hatari kubwa ni ya baadaye, nitaieleza Hatua ya 7.

Kliniki ya methadone, dawa anayopewa mraibu wa unga badala ya unga, nayo ni mlango halali. Ukiwa mgonjwa wa methadone unaruhusiwa kuhudhuria mikutano. Hapa pana jambo ambalo huwavunja watu moyo kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema: NA wanasisitiza kuacha kila aina ya dawa, hivyo vikundi vingine humwomba anayetumia methadone asikilize tu, asisheri (asisimulie habari zake mbele ya wote) wala kushika nafasi ya uongozi. Vingine havina sharti hilo. Ukikutana na hivyo vya kwanza usinune. Kaa, sikiliza, chukua namba za simu kama wengine. Na mwanachama yeyote akikushauri uache dozi yako, mwitikie kwa heshima, halafu suala hilo kaliongee na daktari wako tu.

*Utajua umefaulu:* unaweza kukaa kitini saa nzima bila kuhofia kuanguka.

## Hatua ya 2: Tafuta mkutano, kisha uhakikishe saa

Sehemu za kuulizia ni tatu: soba hausi (nyumba wanakolazwa waraibu wanaoacha), washauri nasaha na waelimisha rika wa kliniki ya methadone, na orodha ya mikutano iliyo kwenye tovuti rasmi za NA na AA. Soba hausi ni pazuri kuanzia hata kama huna mpango wa kulazwa, kwa sababu waliomaliza muda wao huko ndio wanaojua mkutano gani bado unaendelea na upi umekufa.

Mikutano ni ya aina mbili. Wa wazi unapokea yeyote, hata ndugu na majirani. Uliofungwa ni wa waraibu wenyewe tu. Ukitaka mama akusindikize, ulizia wa wazi. Tena akija mara moja inatosha. Mzazi akiwa chumbani hutasema kitu cha maana.

Tahadhari ya saa. Usicheke, limewapoteza watu. Orodha za mtandaoni huandika 16:00, na meseji za simu huandika 4:00, zote zikimaanisha saa kumi jioni. Nimewahi kumsubiri kijana kwenye mkutano wa saa kumi jioni, kumbe alifika saa nne asubuhi, akakuta mlango una kufuli, akaamini kuwa hata NA wamemkataa. Jioni yake akarudi kijiweni. Kwa hiyo piga simu, uliza kwa mdomo: "Ni saa kumi jioni kwa saa zetu?" Halafu pita hapo siku moja kabla ukaone mlango wenyewe. Siku ya kwanza miguu hutafuta sababu yoyote ya kugeuka, na kutoijua nyumba ni sababu tosha.

Kama unaogopa kuonwa kwa kuwa mji ni mdogo na baba yako anajulikana Ngamiani nzima, chagua mkutano wa mtaa usio wako. Anayeishi Makorora si lazima ahudhurie Makorora. Na yule jirani utakayemkuta ndani, jua kuwa amefuata hilohilo ulilofuata wewe.

## Hatua ya 3: Fika robo saa kabla, ushike kitu mkononi

Ukifika umechelewa utaingia wote wakikutazama, utakaa mlangoni, utatoka wa kwanza. Hadithi imeishia hapo.

Ukifika mapema utamkuta mtu mmoja au wawili wanapanga viti au kutandika mkeka. Usisimame pembeni ukisubiri ukaribishwe. Sema: "Asalaam aleikum, naitwa fulani, ni siku yangu ya kwanza. Nishike nini?" Watakupa viti, au birika la chai.

Mbona viti? Kwa sababu mraibu amezoea kuwa mtu wa kuangaliwa mikono. Nyumbani akiingia, simu zinafichwa. Akikaribia duka, mwenye duka anasogea mbele. Siku anapokabidhiwa birika na vikombe na hakuna anayemkodolea macho, kuna kitu kinalegea kifuani. Mimi hotuba za siku yangu ya kwanza sikumbuki hata moja. Nakumbuka nilipewa ufunguo wa kabati la vikombe.

*Utajua umefaulu:* kabla mkutano haujaanza, watu wawili wanalijua jina lako.

## Hatua ya 4: Ndani ya mkutano

Mwenyekiti hufungua, husomwa maandiko mafupi ya ushirika, wageni huulizwa kama wangependa kujitambulisha. Utasema "Naitwa Fulani, mimi ni mraibu," nao watakuitikia kwa jina. Ukishindwa kulitamka hilo neno, sema tu jina lako na kwamba leo unasikiliza. Hakuna atakayekubana.

Kisha watu husheri, mmoja mmoja. Mtu akiongea hajibiwi, hakatizwi, hapewi ushauri. Kwa sisi tuliolelewa kwenye baraza, ambako mtu hamalizi sentensi kabla hajaingiliwa na watatu, kimya hicho hutisha. Wageni wengi hudhani wamepuuzwa: "Nimeeleza nilivyoiba cherehani ya mama, hakuna aliyesema kitu!" Hawakukupuuza, ndio utaratibu. Watakaoguswa watakufuata baadaye nje, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokimbia.

Mwishoni, kwenye mikutano ya NA, hutolewa tagi za kuning'iniza kwenye ufunguo. Nyeupe ni ya anayeanza, ya chungwa siku 30, kijani siku 60, nyekundu siku 90, buluu miezi 6, njano miezi 9. Ile ya mwaka mmoja hung'aa gizani. Ukiitwa kwa ajili ya nyeupe, simama uichukue. Vikundi vingine tagi zimewaishia, watakupa makofi na mkono. Pokea hayo.

Kuhusu dini, kwa sababu hapa ndipo Waislamu wengi wa pwani hukwama. Utasikia "Mungu kama kila mmoja wetu anavyomwelewa", na sala fupi ya kuomba utulivu. Si kanisa, wala hakuna anayekubatiza. Muislamu humkusudia Mola wake, Mkristo wake, na asiye na dini huchukua kikundi chenyewe kuwa nguvu iliyomzidi. Adhana ikikukuta ndani, toka ukaswali, urudi kwenye kiti chako. Wakati wa kufunga husimama duara na kushikana mikono. Kama uliye naye jirani ni mtu usiyepaswa kumshika, weka mkono kifuani na uiname kidogo. Inaeleweka.

## Hatua ya 5: Nusu saa baada ya mkutano

Soma hapa mara mbili.

Duara likivunjika, usiondoke. Toa daftari. Wafuate watu watatu: wanaume kwa mwanamume, wanawake kwa mwanamke. Wachague kwa maneno waliyosema, si kwa mavazi. Maneno ya kutumia ni haya: "Kaka, ulichosema kuhusu usiku wa mshahara kimenigusa. Naomba namba yako, nikibanwa nikupigie." Basi. Usijieleze zaidi.

Kisha fanya jambo ambalo karibu kila mgeni hulikwepa: piga namba hizo usiku huohuo, ukiwa hujabanwa. Salamu tu. "Nimefika salama, nilikuwa nataka kuhakikisha namba." Ukisubiri mpaka siku ya kubanwa, hutapiga. Mtu mwenye hamu ya unga hawezi kumpigia mgeni, huona aibu. Lakini aliyempigia jana na juzi kwa salamu, kidole chake kinaijua njia.

Mkubaliane pia kuhusu kubipu. Wengi wetu hatuna salio, kwa hiyo mwambie wazi: "Nikibipu mara mbili mfululizo, ujue si salamu." Nimemwona mtu akifuatwa na bodaboda mpaka Deep Sea kwa sababu ya bipu mbili.

Kama wenzako wanakwenda kunywa kahawa, nenda nao, hata kama huna hela ya kahawa. Mikasa ya kuchekesha ya maskani, nani anatafuta kibarua, nani amesuluhishwa na mkewe, yote husemwa pale kwenye kashata na kahawa chungu. Uraibu ulikupa watu wa kukaa nao jioni. Ukiuacha bila kupata wengine, saa kumi na mbili itakukuta barazani peke yako, na pusha, muuza unga, anajua ulipo.

Tahadhari tatu. Usikope wala usikopeshe mtu wa kikundi, hata elfu mbili: anayedaiwa huacha kuja, na anayedai huanza kumtafuta mitaani. Usimfuate mtu wa kikundi nyumbani kwake bila kualikwa. Na ulichosikia ndani kisitoke nje, hata kwa mkeo. Mji wetu huu, neno likitoka Chumbageni adhuhuri, alasiri liko Mabawa.

Kwa dada zangu. Mara nyingi mtakuwa wachache chumbani, pengine wawili kati ya watu ishirini. Uliza kama kuna mkutano wa wanawake peke yao, au mwanamke mzoefu wa kukushika mkono. Mwanamume anayeomba namba yako siku ya kwanza na kujitolea kukusindikiza usiku, mkatalie bila kuomba radhi. Wazoefu wenyewe hushauri mtu asianze mapenzi mapya mwaka wa kwanza, kwa sababu yakivunjika huvunjika na mengine.

*Utajua umefaulu:* una namba tatu kwenye daftari, na umeongea na wawili kabla ya kulala.

## Hatua ya 6: Siku 90, kikundi kimoja, sponsa mmoja

Ushauri wa kale wa ushirika ni mikutano 90 ndani ya siku 90. Mkutano wa kila siku ukikosekana ulipo, jaza siku zilizobaki kwa mikutano ya mtandaoni au kwa kukutana na mwenzako mmoja. Chagua kikundi kimoja kiwe cha nyumbani, cha kwenda hata mvua ikinyesha, na uombe kazi ndogo hapo: kufungua mlango, kuosha vikombe. Aliyekabidhiwa kazi hutafutwa asipoonekana.

Baada ya wiki tatu au nne, tafuta sponsa, yule ambaye wengine humwita mdhamini. Ni mwanachama anayekuongoza kwenye hatua kumi na mbili, yaani mpango wa ushirika wenyewe wa kuacha, mtu na mtu. Angalia mambo haya: awe wa jinsia yako, awe na mwaka au zaidi bila kutumia, naye awe na sponsa wake. Swali la mwisho ndilo la kumpima: "Na wewe unamwambia nani mambo yako?" Akikosa jibu, mshukuru, tafuta mwingine.

Sponsa si benki, si sheikhe, si mwajiri. Akianza kukutuma dukani au kukufulisha nguo zake, mbadilishe. Hakuna talaka ya kuandika, mwambie tu.

Kwa pwani yetu, weka alama mapema kwenye siku za hatari: siku za vunja jungu kabla ya Ramadhani na siku za Idi. Wako wengi wanaoacha mwezi mzima kwa heshima ya funga, huku moyoni wamepanga kurudi mwezi ukiandama. Mwambie sponsa wiki mbili kabla, na usiku wa Idi uwe umeshajua utakuwa kwa nani, tangu magharibi mpaka asubuhi. Usiseme "nitaona".

*Utajua umefaulu:* ukikosa mkutano, simu yako inalia kabla ya saa mbili usiku.

## Hatua ya 7: Ukianguka

Hapa nataka uwe makini kuliko kote.

Mwili uliokaa wiki kadhaa bila unga umepoteza uzoefu wake. Kiasi kilichokuwa cha kawaida kwako zamani sasa kinaweza kukuua mara moja, hasa kikichanganywa na pombe au vidonge vya usingizi. Wengi wanaofariki si wageni wa unga. Ni waliokuwa wameacha: wametoka soba hausi, au jela, wakaenda na kipimo cha zamani. Ukimkuta mwenzako hazinduki, midomo imebadilika rangi, anapumua kwa kukoroma au kwa nadra, mlaze ubavu, usimmwagie maji wala kumnywesha maziwa, mkimbize hospitali na uwaambie ametumia nini. Wana dawa ya kumzindua, naloksoni, lakini lazima wajue.

Ukiwa mzima, rudi kwenye mkutano ndani ya siku moja. Utajisikia kama mtu aliyechafua msikiti. Nenda hivyohivyo. Vikundi vingi vitakuomba usisheri siku ambayo bado umetumia, bali usikilize na uongee na mtu baadaye. Ukiulizwa nani anataka nyeupe, simama tena. Niliichukua nyeupe mara nne, na mara ya tatu aliyenipa alikuwa kijana niliyemleta mwenyewe.

Usihesabu siku kwa kudanganya ili ulinde tagi. Uongo huo utakutenga na watu wale uliowatafuta kwa shida, na utarudi kukaa mlangoni.

## Kama hakuna mkutano karibu nawe

Kwa walio Pangani, Mkinga au vijiji vya ndani: waraibu wawili wenye nia ya kuacha wanatosha kuwa na mkutano. Chagueni siku moja na saa isiyobadilika, sehemu isiyo ya mtu binafsi ikiwezekana, kama darasa la shule jioni au ofisi ya kijiji. Ombeni maandiko kutoka kikundi cha mjini, msome kidogo, kila mmoja aongee dakika tano bila kukatizwa, mfunge. Mwenzako asipotokea, wewe kaa saa nzima mlango ukiwa wazi. Chukua viti viwili, na cha pili kiweke kikitazama barabarani.